Si Manowari Iliyoishinda Kwale

Kuna hadithi moja inayopendwa sana na wapenzi wa historia ya vita hapa pwani ya kusini, na kila aisimuliaye huisimulia kwa uhakika wa mtu aliyekuwako. Inasema hivi: Waingereza walikuja na manowari za chuma, Mbaruk bin Rashid wa Gazi alikuwa na magobori, mizinga ikanguruma, mambo yakaisha. Watoto wetu huifupisha zaidi kwenye karatasi ya mtihani: Wamazrui walishindwa kwa sababu ya silaha duni na nguvu za wanamaji wa Uingereza. Watu wazima nao huirefusha. Watakutajia uzito wa HMS St George kwa tani, upana wa midomo ya mizinga yake kwa inchi, na jina la admirali aliyeiongoza. Ukiwauliza Mwele iko wapi, wanaanza kutazama simu zao.

Nasema hadithi hiyo ni ya uongo, na uongo wenyewe umekaa kitovuni, haukukaa pembeni. Manowari haikushinda vita vya 1895 na 1896 katika nchi hii ya Wadigo na Waduruma, wala haikuamua vita vya 1914 hadi 1916 vilivyopiganwa juu ya ardhi hiyo hiyo. Ilibeba watu na vyakula, ilitisha miji ya ufukweni, na iliandika habari zake vizuri kuliko wote. Lakini vita vyenyewe viliamuliwa kwa miguu, vichakani, na watu ambao wapenzi wa meli hawajui hata majina ya vikosi vyao.

Kabla sijaendelea, nimtendee haki mpinzani wangu, maana hoja yake ina mifano na mifano hiyo ni ya kweli. Januari 1875, Akida aliyeasi Mombasa alijifungia ndani ya Fort Jesus. Meli mbili za Kiingereza, Nassau na Rifleman, ziliipiga ngome ile mpaka akasalimu amri. Tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani, alikataa kutoka katika jumba la kifalme Unguja. Mizinga ilianza kupiga baada ya saa tatu asubuhi, na katika muda wa dakika 38 hivi jumba lilikuwa limebomoka, meli ya Sultani, Glasgow, imezama bandarini, watu wapatao 500 wameuawa au kujeruhiwa, na Khalid amekimbilia kwa balozi wa Ujerumani. Aliyeamuru mashambulizi hayo ni Admirali Harry Rawson, yule yule aliyekuwa amepigana na Mbaruk mwaka mmoja nyuma. Mpenzi wa manowari anaunganisha mambo haya mawili na kusema: mtu mmoja, meli moja, matokeo mamoja.

Hapo ndipo anapokosea. Fort Jesus imejengwa juu ya mwamba unaopigwa na maji ya bahari. Jumba la Unguja lilikuwa linatazamana na bandari uso kwa uso, na meli zilitia nanga mbele yake kama wageni waliokaribishwa kibarazani. Manowari humshinda mtu aliyekaa pwani akaisubiri. Swali la kuuliza kuhusu Kwale ni moja tu: je, Mbaruk alikaa pwani akaisubiri?

Hakukaa. Na hakukaa kwa sababu alikuwa na miaka mingi ya kujifunza kutokaa. Sultani Sayyid Said alipoinyakua Mombasa kutoka kwa Wamazrui, ukoo wa Mbaruk, mwaka 1837, waliosalimika waligawanyika, wengine wakaweka makao Takaungu upande wa kaskazini, wengine Gazi upande wa kusini. Mbaruk wa Gazi alikulia katika ukoo ulionyang'anywa mji, na kwa miongo kadhaa alizozana na kila sultani aliyeketi Unguja. Alikuwa na nyumba mbili. Ya kwanza ilikuwa Gazi, ya biashara, ushuru na heshima. Ya pili ilikuwa Mwele, ngome ya msituni upande wa vilima vya Shimba, ya siku za shari. Mwaka 1882, Lloyd Mathews aliyeongoza jeshi la Sultani Barghash aliizingira Mwele hiyo, na Mbaruk akaponyoka. Miaka 13 kabla Rawson hajafika, mchezo ulikuwa umeshachezwa mara moja na kanuni zake zinajulikana: unaweza kuichukua ngome, mwenyewe usimpate.

Sasa shuka Gazi siku za bamvua, maji yakiwa yamekupwa. Ghuba iliyokuwa bahari asubuhi imegeuka uwanda wa matope na majani ya baharini. Mikoko imesimama juu ya mizizi yake iliyo wazi, kaa wanapita chini yake, na dau lililoachwa na maji limelala ubavu mpaka maji yarudi. Ukitazama mbali, upande wa kisiwa cha Chale, utaona mstari mweupe wa mawimbi yanayovunjika juu ya mwamba. Meli ya tani 7,700 kama St George, yenye mizinga miwili ya inchi 9.2 na kumi ya inchi 6, haina la kufanya ndani ya mstari huo. Itabaki nje kilindini, na mwezi wa Agosti itabaki huko ikisukwasukwa na kusi. Mabaharia wake watashuka katika mashua, watasubiri maji yajae, watapiga makasia mpaka ufukweni, na wakishakanyaga mchanga wamekwisha kuwa askari wa miguu kama wengine, tena askari wa miguu wasioijua njia.

Na hata hapo pwani palikuwa na nini cha kupiga? Nyumba ya Mbaruk, ile ambayo baadaye ilitumika kama shule, iko hatua chache kutoka ufukweni. Manowari ingeweza kuibomoa. Lakini katikati ya mwaka 1895, Waingereza walipoikalia Gazi, mwenye nyumba alikuwa ameshaondoka. Waliikuta nyumba ya biashara. Ile ya shari ilikuwa bara, mahali ambapo mzinga wowote wa manowari ya wakati ule usingefikisha risasi yake.

Chanzo cha vita nacho hakihusiani na bahari. Mapema mwaka 1895 alifariki Salim bin Khamis, mkuu wa Takaungu. Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala pwani ilimweka Rashid bin Salim, mwanawe marehemu, kwa kuwa alikuwa rafiki yao, ikampita ndugu mwingine aliyejiona ana haki zaidi, naye pia akiitwa Mbaruk. Huyo akaasi, akapigwa, akakimbilia kusini. Waingereza wakamtaka mzee wa Gazi amtoe jamaa yake aliyemkimbilia, naye akakataa. Tarehe 1 Julai 1895, Kampuni ilikabidhi nchi kwa serikali ya Uingereza. Kwa hiyo ugomvi wa urithi ndani ya ukoo mmoja ulirithiwa na dola nzima katika wiki zake za kwanza za utawala, na dola changa haipendi kuonekana imekataliwa.

Ndipo Rawson akapanga safari ya Mwele. Tuitazame kwa makini, kwa sababu ndiyo silaha kuu ya wapinzani wangu. Alichukua mabaharia na wanajeshi wa majini wapatao 400, akaongeza askari Wasudani na Wazanzibari wachache, na nyuma yao msururu mrefu wa wapagazi waliobeba maji, chakula, bombom na roketi. Wakatembea porini katika nchi ya miiba, vumbi na visima vichache. Tarehe 17 Agosti 1895 waliishambulia ngome na kuiteka. Mathews, yule yule wa 1882, alikuwamo na akajeruhiwa. Boma likachomwa.

Mpenzi wa manowari hufunga kitabu hapo. Mimi namwomba afungue ukurasa unaofuata, maana kuna mambo mawili hakuyaona.

La kwanza, siku hiyo manowari haikupigana. Walipigana watu waliotoka kwenye manowari, na tofauti ni kubwa. Baharia akiwa kilomita nyingi kutoka kwenye meli yake, ana bunduki begani na chupa ya maji kiunoni, hana inchi 9.2 wala inchi 6. Nguvu yake ni ile ya kundi la watu 400 wenye nidhamu na bunduki nzuri, wanaotegemea mpagazi awafikishie maji. Anayesema Mwele ilianguka kwa nguvu za wanamaji anahesabu kofia zilizokuwa vichwani, hahesabu kazi iliyofanyika.

La pili ni zito zaidi. Mbaruk hakupatikana. Mwele ilipochomwa, vita havikuisha, vilitanuka. Kundi lililokuwa limekaa mahali pamoja likawa makundi yanayotembea, na nchi kutoka mpaka wa Vanga hadi upande wa kaskazini ikawa haina usalama. Afisa wa Kiingereza aliyeongoza askari wa Zanzibar, Kapteni Lawrence, aliuawa. Mwanzoni mwa 1896, Malindi kwenyewe kulivamiwa na upande wa Takaungu wa uasi huo. Wakati huo wote bahari ilikuwa ya Waingereza kuanzia Lamu hadi Vanga, bila mpinzani hata wa ngalawa moja.

Machi 1896 ndipo serikali ilipoleta kikosi cha Wabaluchi kutoka jeshi la Bombay, askari wa miguu waliozoea kukaa kambini miezi na kutembea nchi kavu siku baada ya siku. Mwezi uliofuata, Aprili, Mbaruk alivuka mpaka na wafuasi wake wengi, akaweka silaha chini mbele ya Wissmann, gavana wa Wajerumani. Alipelekwa Dar es Salaam, akaishi na kufia uhamishoni. Hesabu mwenyewe: Agosti hadi Aprili ni miezi minane. Nishani waliyopewa waliopigana vita hivyo imeandikwa jina la Mwele ukingoni, na katika orodha za nishani vita hivyo vimeorodheshwa kuwa ni vya 1895 na 1896. Hata watunza nishani wa Kiingereza wanakiri jambo ambalo wapenzi wao wa huku wanakataa kulikiri.

Sasa tuje kwenye ile sababu ya silaha duni. Siitaki, na sababu yangu ya kuikataa ni ya mantiki wala si ya fahari. Ubora wa bunduki za Waingereza ulikuwa ule ule Agosti na Aprili. Bombom ilikuwa ile ile. Kitu ambacho hakikubadilika hakiwezi kueleza kwa nini mwezi mmoja walishindwa kummaliza mtu na mwezi mwingine akaondoka mwenyewe. Tafuta kilichobadilika. Kilichobadilika ni idadi ya askari wa miguu waliowekwa nchi kavu na kubaki huko. Pia kulikuwa na mpaka. Tangu 1886 Waingereza na Wajerumani walikuwa wamegawana bara hili kwa mstari uliopita kusini mwa Vanga, na mstari huo ulimpa Mbaruk mlango wa nyuma ambao mwaka 1882 haukuwako kwa sura hiyo. Mtu mwenye mlango wa nyuma hapigani mpaka kufa. Anahesabu, na hesabu ikikataa, anatoka.

Na kuna sababu nyingine ambayo ni chungu kuitaja. Mbaruk hakuwa na nchi nzima nyuma yake. Takaungu yenyewe iligawanyika, nusu ya ukoo ikiwa upande wa Waingereza. Wadigo wengine walipigana pamoja naye, wengine walikuwa na kumbukumbu mbaya za watu wake, kwa sababu mashamba ya Gazi yalilimwa na watumwa na watumwa wale hawakuota mitini. Miaka michache kabla ya uasi, mzee huyu alikuwa anapokea posho ya Kampuni. Vita vya miezi minane vichakani vinahitaji vijiji vinavyokulisha na kukuficha, na vijiji havilishi mtu kwa sababu tu ni adui wa Mwingereza.

Mpinzani wangu mwerevu atanijibu: bila meli, Wabaluchi wangefikaje? Wangetembea kutoka Bombay? Hoja hiyo naikubali, na nafurahi kwamba ameitoa, maana imehamisha mazungumzo yetu mahali panapostahili. Bahari ilikuwa barabara ya Waingereza. Walileta juu yake askari, mchele, risasi na barua. Huo ni uwezo mkubwa, na Mbaruk hakuwa na wa kuulinganisha nao. Lakini basi tuseme hivyo. Tuzungumze kuhusu meli ya mizigo iliyopakia magunia Bombay, na makarani waliohesabu magunia hayo bandarini Mombasa, tuache kupiga soga za inchi 9.2. Ukisema bahari ilisaidia kwa kubeba, tuko pamoja. Ukisema bahari ilishinda kwa kupiga, niletee kijiji kimoja cha bara la Kwale kilichoangushwa na mzinga wa meli.

Kama mfano mmoja hautoshi, twende miaka 19 mbele. Mwaka 1914 Uingereza na Ujerumani zilipigana, na hapa ndipo wapenzi wa manowari wanapojaa raha. Watakusimulia manowari ya Kijerumani Königsberg ilivyoizamisha Pegasus ya Kiingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba, ilivyojificha katika mlango wa mto Rufiji, ilivyozingirwa miezi, na ilivyomalizwa Julai 1915 na meli bapa mbili, Severn na Mersey, kwa msaada wa ndege. Ni kisa kitamu, sikatai. Ila muulize msimulizi: wakati huo wote, nani aliyekuwa anapigana hapa Kwale?

Wajerumani walivuka mpaka mwezi huo huo wa Septemba 1914, wakapita Vanga, wakaja juu kuelekea Mombasa. Walikuja kwa miguu, sambamba na bahari ambayo Waingereza waliimiliki, na bahari hiyo haikuwazuia. Huko Majoreni walikutana na Arab Rifles, kikosi kilichoundwa Mombasa na Arthur Wavell, Mwingereza mwenye shamba la mkonge Nyali, aliyekuwa amekwenda Makka kabla ya vita akijifanya Mzanzibari, na Mswahili wa Mombasa aitwaye Masaudi akiwa msafiri mwenzake. Askari wake walikuwa Waarabu wa Hadhramaut waliokuwa wakifanya kazi Mombasa, pamoja na watu wa pwani. Wavell alijeruhiwa hapo. Tarehe 7 Oktoba Wajerumani wakaishambulia Gazi, na waliowarudisha nyuma ni askari wa King's African Rifles, Arab Rifles na askari wa Jind kutoka India. Maafisa wa Kizungu walijeruhiwa, na askari Waafrika wakaendelea na vita. Kutoka Gazi hadi Likoni ni mwendo wa kilomita 50 hivi. Kama Mombasa iliokolewa mwezi huo, iliokolewa na watu hao, katika minazi ya Gazi.

Januari 1915 Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuja mwenyewe na kampuni tisa kushambulia kituo cha Jasin, hatua chache ng'ambo ya mpaka kutoka Vanga. Kituo kilikuwa na askari wa Kihindi wachache chini ya Kanali Raghbir Singh wa Kashmir Rifles. Alipigana mpaka akauawa, na tarehe 19 risasi zikaisha, wakasalimu amri. Waingereza wakaliacha bonde la Umba wakarudi kaskazini. Tazama vizuri jambo hili: jeshi lenye bahari yote lilirudi nyuma kutoka mahali palipo kando ya bahari. Tazama na upande wa pili. Lettow-Vorbeck alishinda, lakini alikuwa ametumia risasi zipatazo 200,000 na kupoteza maafisa asioweza kuwapata tena, akaamua kwamba hawezi kumudu mapigano mengi ya namna ile, na kwamba tangu hapo atapigana kwa kuvizia na kuikata reli ya Waingereza. Uamuzi huo ulitengeneza karibu miaka minne iliyofuata ya vita vya Afrika Mashariki, mpaka Msumbiji. Ulizaliwa katika mikoko ya mpakani kwetu, kwa hesabu ya risasi za bunduki. Wapenzi wangapi wa historia ya vita hapa Diani wanaijua Jasin? Wangapi wanaijua Königsberg? Hapo ndipo ugonjwa wetu ulipo.

Kisha Mwele ikarudi. Januari 1916, Wavell alitoka na watu wake kukabiliana na Wajerumani waliokuwa wamepenya bara, akauawa huko huko Mwele pamoja na askari wake wengi. Nje ya Fort Jesus kuna mnara wa kumbukumbu yao. Ndani ya uwanja wa ngome hiyo hiyo uko mmoja wa mizinga ya Königsberg, wa sentimita 10.5, na wageni hupiga picha nao kila siku. Hata mzinga huo ukiusikiliza vizuri unanitolea ushahidi mimi. Meli yake ilipokufa Rufiji, ulipigana miezi mingi zaidi nchi kavu kuliko ulivyopigana baharini. Uliopolewa kwenye matope, ukatiwa magurudumu Dar es Salaam, ukavutwa kwa kamba na mamia ya watu milimani na mabondeni. Unaoupiga picha ukidhani ni kumbukumbu ya vita vya majini ni kumbukumbu ya mabega.

Kwa nini basi hadithi ya manowari inashinda? Sababu ya kwanza ni karatasi. Meli ya kivita huandika. Kila zamu ina daftari lake: upepo, mwendo, risasi ngapi zimepigwa saa ngapi. Daftari hizo zimehifadhiwa Uingereza na yeyote mwenye subira anaweza kuzisoma. Mwele haikuwa na daftari la zamu. Aliyesimama kwenye lango la boma usiku ule hakuandika mbu walikuwa wangapi. Mpenzi wa historia anayekwenda penye karatasi peke yake ataona kilichoandikwa, kisha ataamini kwamba kilichoandikwa ndicho kilichotokea.

Sababu ya pili ni raha ya namba. Inchi, tani na mafundo ya mwendo ni vitu vinavyobishaniwa bila kuumiza mtu. Ukibishana kama Mersey ilipiga kabla ya Severn, hutamkosea jirani. Ukibishana nani alimwonyesha Rawson njia ya Mwele, au ukoo gani ulikubali cheo Takaungu, kuna mtu barazani atainuka aende zake.

Ndiyo maana sababu ya tatu ni sisi wenyewe. Hadithi ya silaha duni inatupa faraja. Inasema tulishindwa na chuma, na nani awezaye kulaumiwa kwa kushindwa na chuma? Haituulizi habari za watumwa wa mashamba ya Gazi, haituulizi kuhusu posho ya Kampuni, haituulizi kwa nini ndugu wawili wa ukoo mmoja walikutana wakiwa na bunduki pande mbili. Wale wanaomfanya Mbaruk shujaa asiye na doa na wale wanaomwita mwasi mfanyabiashara wa watumwa wanakubaliana katika jambo hili moja: wote humwua kwa manowari, kisha hawana haja ya kueleza siasa yake. Mimi namwona mwanasiasa hodari aliyeijua nchi yake kuliko maadui zake, aliyetumia watu vibaya, na aliyeishughulisha dola kubwa kuliko zote duniani kwa miezi minane baada ya ngome yake kuchomwa. Huyo anastahili kujadiliwa kwa uzito. Manowari inamfanya kuwa shabaha tu.

Nitaulizwa nataka nini. Nataka mijadala yetu ishuke melini. Kijana anayejua tofauti ya Severn na Mersey ana akili ya kutosha kujua njia za zamani kutoka Gazi kwenda bara, visima vilikuwa wapi, na msafara wa watu 400 na wapagazi wao ulihitaji maji kiasi gani kwa siku katika jua la Agosti. Azijue kaya. Kaya Kinondo, ambayo wageni wa Diani hupelekwa kuitazama kama msitu wa mizimu na dawa, ni ya ukoo mmoja na zile kaya zilizojengwa ziwe makimbilio: msitu mnene, njia nyembamba inayomlazimisha adui aje mmoja mmoja. Huo ni ujenzi wa kivita kama ulivyo ukuta wa Fort Jesus, na tofauti yake ni kwamba ulijengwa na watu wetu na kwa akili ya nchi kavu. Nataka pia mwalimu wa shule ya Msambweni akisahihisha jibu la silaha duni amwulize mtoto: silaha zile zile zilikuwako Agosti, mbona hazikutosha?

Wala sidai kwamba manowari hazikuwa na kazi. Zilimaliza ubishi wa Fort Jesus, zilimaliza ubishi wa Unguja, na zitamaliza ubishi wowote wa mtu atakayejenga ikulu mbele ya bandari na kubaki ndani. Ninachokataa ni kuazima ushindi wa Unguja na kuulipa Kwale. Anayetaka kunishinda katika hoja hii asiniletee picha ya St George wala orodha ya mizinga yake. Aniletee maelezo ya miezi minane kati ya 17 Agosti 1895 na Aprili 1896, aniambie kila mwezi manowari ilifanya nini, na kwa nini vita viliendelea. Akiweza, nitafuta makala hii yote. Asipoweza, awaachie Wabaluchi, askari wa Jind, wale Wahadhrami wa Wavell na wapagazi ushindi na hasara zilizokuwa zao.